Bima imekata makadirio ya fundi wangu na inataka nisaini: nifanyeje?

SWALI: Gari langu lina bima kubwa. Liligongwa mbele upande wa kushoto. Fundi wangu aliandika makadirio, kisha mkadiriaji wa kampuni ya bima akaja, akalitazama vilevile bila kipande chochote kutolewa, akaondoka. Sasa kampuni imeidhinisha karibu nusu tu ya kiasi kile. Bampa na taa wanataka vitengenezwe badala ya kubadilishwa, spea kadhaa ziwe za mtumba, na nimepewa hati ya kukubali kwamba malipo hayo ni ya mwisho. Nisiposaini, wanasema faili litakaa. Nifanye nini?

JIBU: Usisaini bado. Hati ya malipo ya mwisho ikishapata saini yako, uharibifu wowote utakaoonekana gari likifunguliwa ni mzigo wako. Na mkadiriaji aliyetazama gari la kugongwa mbele bila bampa kutolewa ameandika kile tu alichokiona kwa nje. Kilichoko nyuma ya bampa hajakiona yeye, hajakiona fundi wako, wala wewe.

Ila usiwaandikie kwamba hela ni ndogo. Barua ya namna hiyo haina pa kushikwa, kwa sababu kampuni haikuahidi kulipa kiasi alichoandika fundi. Iliahidi kukurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, bila kukutajirisha na bila kukupunja. Hoja yenye nguvu basi ni ya kazi yenyewe: kipi kibadilishwe, kipi kinyooshwe, kwa spea ya aina gani, na kwa sababu ipi. Mkishakubaliana kazi, ubishi wa bei hubaki mdogo.

Kusanya karatasi tatu: mkataba wa bima pamoja na jedwali lake, makadirio ya fundi, na ripoti ya mkadiriaji. Hii ya tatu wengi hawaiombi. Iombe kwa maandishi. Wakikataa kukupa ripoti nzima, omba orodha ya kazi na spea zilizoidhinishwa, ambayo gereji lazima iipate ndipo ianze kazi. Kwenye mkataba tafuta thamani ambayo gari lilikatiwa bima, kiasi cha eksesi (kile kipande cha gharama unachojibebea mwenyewe), kifungu kinachosema nani anachagua gereji na kama kampuni ina hiari ya kutengeneza au kulipa taslimu, na kifungu cha uchakavu wa spea kama kipo. Angalia pia muda uliowekwa wa kuwasilisha madai na wa kulalamika.

Sasa weka makadirio na ripoti ubavu kwa ubavu, usome mstari kwa mstari. Tofauti nyingi zitakuwa za aina nne. Kitu kimefutwa kabisa, au kimegeuzwa kutoka "kubadilisha" kuwa "kunyoosha", au kimebaki lakini bei au saa za kazi zimepunguzwa, au kimekatwa asilimia ya uchakavu. Kila aina ina hoja yake, na ukizichanganya utapoteza hata zile ulizokuwa na haki nazo.

Kuna makato ambayo ni halali, na ni afadhali uyaachie mapema. Mkwaruzo wa zamani kwenye mlango wa nyuma hauhusiani na ajali ya mbele. Paneli mbili zinazopakana zikipigwa rangi pamoja, kuchanganya rangi na kufunika gari hufanywa mara moja, kwa hiyo fundi aliyetoza maandalizi mara mbili atakatwa na ni sawa akatwe. Mafundi huongeza juu wakijua kampuni itakata, na wakadiriaji hukata wakijua fundi ameongeza. Mchezo huo una hatari ambayo wenye magari hawaifikirii. Makadirio yakivimba mno yakaanza kukaribia thamani ya gari, kampuni inaweza kulihesabu gari kuwa hasara kamili na kukulipa thamani yake badala ya kulitengeneza. Kwa kawaida uamuzi huo hufanywa kabla gharama haijafikia thamani nzima, kwa sababu mabaki ya gari nayo yana soko. Kama unalitaka gari lako, makadirio ya kweli ndiyo yanayokulinda.

Hatua inayobadilisha mambo zaidi ni kuomba gari lifunguliwe mbele ya mkadiriaji. Pata idhini kwa maandishi, pamoja na jibu la nani analipa saa za kufungua na kurudishia. Piga picha kwa mpangilio: gari zima likionyesha namba za usajili, kisha upande uliogongwa, kisha kila kipande kwa karibu, rula ikiwa kando yake. Picha ya kipande peke yake, isiyoonyesha kimetoka gari gani, ni rahisi kukataliwa.

Kwa gari lililogongwa mbele kushoto, fundi atazame hivi. Ndani ya ganda la bampa mara nyingi kuna povu la kufyonza mshtuko, na nyuma yake mhimili wa chuma. Povu lililobonyea au kupasuka halina matengenezo, linabadilishwa. Nyuma ya hapo kuna sapoti ya rejeta. Ikipinda milimita chache tu, taa na boneti hazitakaa sawa hata ukinunua mpya. Kondensa ya kiyoyozi hukaa mbele ya rejeta, hivyo ndiyo hupokea pigo kwanza, na tundu dogo halionekani kwa macho. Gesi huisha polepole, na mwenye gari hugundua wiki kadhaa baadaye, faili likiwa limefungwa. Ipimwe kwa presha kabla ya kuandikwa kuwa nzima. Zitazamwe pia feni, nyaya zinazopita pembeni, tangi la maji ya waipa na klipu za ndani ya madigadi. Klipu ni kitu kidogo, lakini zikisahaulika kwenye orodha gereji itafunga kwa zile zilizovunjika, na madigadi itaanza kupiga kelele.

Kama rimu au tairi la kushoto liliguswa, tairodi, bolijointi, mkono wa chini, shokapu na beringi ya tairi vitolewe na kupimwa, kisha gari lipigwe alaimenti (kupima na kupanga pembe za magurudumu) kwa magurudumu yote manne. Karatasi ya vipimo ichapishwe, kabla na baada. Pembe moja ikigoma kuingia kwenye kiwango huku spea zote ni nzuri, tatizo liko kwenye bodi, na hapo unahitaji vipimo vya mihimili ya mbele kulingana na chati ya mtengenezaji. Mpishano unaokubalika kwa kawaida hauzidi milimita 3. Dalili za mhimili uliosogea ni rangi iliyokunjamana karibu na viungio, gundi ya viungio iliyopasuka, na upenyo wa boneti ulio mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine.

Gari la kisasa lisomwe pia kwa kompyuta kabla ya kazi kuanza. Hitilafu nyingi hukaa kwenye kumbukumbu bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Kama eabegi (mifuko ya hewa) zilifunguka, kubadilisha mifuko peke yake hakutoshi. Vikaza vya mikanda, vinavyoivuta ghafla wakati wa ajali, navyo hulipuka mara moja tu, na mkanda wa aina hiyo hautumiki tena, vihisi vya mbele huenda vimeumia, na kisanduku kinachoviongoza huhifadhi taarifa ya ajali na hushughulikiwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kama gari lina rada nyuma ya bampa au kamera kwenye kioo cha mbele, kupimwa upya kwa vifaa hivyo ni kazi inayojitegemea. Iandikwe kwenye mstari wake, la sivyo hakuna atakayeilipia.

Yote yaliyopatikana yaingie kwenye makadirio ya nyongeza, kila mstari ukiwa na namba ya picha yake. Fundi asiguse chochote cha ziada kabla kibali hakijafika kwa maandishi, kwa kuwa kampuni ina haki ya kukataa kulipia kitu ambacho haikupewa nafasi ya kukiona. Spea zilizotolewa zisitupwe hadi dai lifungwe. Ndizo ushahidi wako, na mara nyingi mkataba unaipa kampuni haki ya kuzichukua.

Turudi kwenye bampa na taa. Ganda la plastiki lililopasuka katikati, mbali na mashikio, linaweza kuunganishwa vizuri, na huna sababu ya kugoma. Likiwa limevunjika mashikio au pale vihisi vinapokaa, hoja ya kubadilisha ni nzito. Kama kuna rada nyuma yake, soma maelekezo ya mtengenezaji, kwa sababu puti na rangi nene vinaweza kuivuruga. Taa iliyokatika shikio moja inaweza kutengenezwa ikiwa mtengenezaji anatoa kifaa cha kurudishia shikio hilo. Taa iliyopasuka kioo au kasha haifai kubandikwa gundi. Unyevu huingia, kiakisi hufifia, na mwanga unapungua.

Kwa bati na mihimili, mafundi wa bodi wana kanuni iliyozoeleka: kilichopinda hunyooshwa, kilichokunjika hubadilishwa. Kukunjika ni ile pembe kali ndani ya nafasi fupi, ambayo hata ukiinyoosha huacha ufa au alama ya kudumu. Chuma cha nguvu ya juu sana, kama kile cha nguzo za milango kwenye magari mengi mapya, hakipashwi moto ili kinyooshwe, kwa sababu joto linakiondolea ugumu wake. Ukiona "kunyoosha" kwenye mstari wa sehemu kama hiyo, mwombe fundi aambatishe ukurasa wa maelekezo ya mtengenezaji. Ukurasa mmoja wa aina hiyo una nguvu kuliko barua tatu za malalamiko.

Kuhusu spea za mtumba, usizikatae zote kwa mkupuo. Mlango au boneti iliyotoka kwenye gari kama lako, isiyo na kutu wala puti, ni spea nzuri na inaweza kukaa vizuri kuliko mpya ya kuiga. Kataa kabisa mtumba kwenye eabegi, mikanda, breki, usukani na sasipensheni, kwa kuwa historia ya vitu hivyo haipimiki kwa macho. Kwa spea mpya, orodha iseme wazi kama ni orijino ya mtengenezaji au mbadala, na namba ya spea iandikwe. Neno "taa" peke yake kwenye kibali linaruhusu taa yoyote.

Uchakavu nao una mipaka. Tairi, betri, shokapu na bomba la ekzosi huisha kwa matumizi. Ukipewa tairi jipya badala ya lililobaki nusu, kampuni ina hoja ya kukutaka uchangie tofauti. Madigadi au boneti haiishi kwa namna hiyo, na gari halipandi bei kwa kuwekewa boneti mpya baada ya ajali. Kwa hiyo kama uchakavu umekatwa kwenye bodi, uliza kwa maandishi ni kifungu gani cha mkataba kinachoruhusu. Ipo mikataba inayotaja asilimia kulingana na umri wa gari, na kama wako ni mmojawapo, hapo hutashinda.

Kabla hujalaumu makato, kagua kitu kimoja zaidi: je, gari lilikatiwa bima kwa thamani yake halisi? Mkataba ukiwa na kifungu cha uwiano na gari la thamani ya mafungu 100 likakatiwa bima ya mafungu 70, hasara ya mafungu 20 italipwa 14, kisha eksesi itolewe. Ukiona malipo yamepungua kwa uwiano uleule kwenye kila mstari, chanzo huenda ni hiki wala si mkadiriaji. Unachoweza kupinga hapo ni thamani ya soko waliyotumia. Leta matangazo ya mauzo ya magari ya mwaka uleule, injini ileile na kilomita zinazokaribiana.

Barua yako iwe fupi, kwa mfano:

"Nimepokea kibali chenu cha matengenezo kuhusu dai namba ____. Ukaguzi ulifanyika bampa likiwa halijatolewa. Naomba idhini ya kulifungua gari mbele ya mkadiriaji wenu ndani ya siku ____. Nakubali mistari namba ____. Napinga mistari namba ____ kwa sababu zilizoandikwa mbele ya kila mmoja katika jedwali lililoambatishwa. Hati ya malipo ya mwisho nitaisaini baada ya makadirio ya nyongeza kuamuliwa. Naomba majibu kwa maandishi."

Wakisisitiza usaini ili kazi ianze, pendekeza kusaini kibali cha kuanza matengenezo tu, chenye maneno "bila kuathiri madai ya uharibifu utakaogunduliwa gari likifunguliwa". Maneno hayo yawe kwenye hati yenyewe kabla ya saini. Ahadi ya simu haihesabiki. Kila mkizungumza kwa simu, tuma baruapepe siku hiyohiyo ukieleza mlichokubaliana.

Tishio la faili kukaa lina ukweli kidogo, na ukweli huo ni ada ya maegesho. Gereji nyingi hutoza kwa kila siku gari linapolala bila kazi, na kampuni itasema ucheleweshaji ni wako. Uliza mapema nani anabeba ada hiyo na kuanzia lini, na kama inakwenda kuwa nzito, omba lihamishiwe mahali pasipo ada. Wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke ni wako. Lifunikwe mvua isiingie, betri ichomolewe, na lisiendeshwe likiwa linavuja maji ya rejeta. Injini ikichemka kwa sababu uliendesha baada ya ajali, huo ni uharibifu mpya na hautalipwa.

Gereji ya nani? Mikataba mingi inaipa kampuni sauti kubwa hapa. Gereji yao ina faida moja kubwa: kazi ikiharibika, kampuni haiwezi kukwambia ukamalizane na fundi wako. Ukichagua ya kwako, huenda wakalipa hadi kiwango ambacho gereji yao ingetoza na tofauti ikawa yako. Kwa vyovyote, dai dhamana ya kazi na ya rangi kwa maandishi. Ukipewa ofa ya taslimu, kumbuka kwamba hatari yote ya uharibifu uliofichika inahamia kwako. Usiichukue kabla gari halijafunguliwa.

Kama aliyekugonga ndiye mwenye kosa, usimwandikie karatasi ya kwamba mmemalizana, hata akikupa kitu kidogo cha pole. Kampuni yako ikishakulipa ina haki ya kumdai yeye au bima yake, na karatasi hiyo inaweza kuiua haki hiyo na kukuletea matatizo kwenye dai lako. Iombe kampuni yako idai pamoja na eksesi yako, na ikifanikiwa ikurudishie punguzo lako la kutokuwa na madai (lile la bei ya bima kwa asiyedai).

Jibu lisiporidhisha, panda ngazi kwa utaratibu. Anza na mkuu wa madai, kisha kitengo cha malalamiko cha kampuni, kisha mamlaka inayosimamia bima au msuluhishi wa migogoro ya bima. Mwombe kila mmoja jibu la maandishi linalotaja kifungu cha mkataba. Unaweza pia kuajiri mkadiriaji huru, lakini mlipe tu pale tofauti inapozidi ada yake kwa wazi. Kabla ya kufikiria mahakama soma kama mkataba unataka usuluhishi kwanza, na tazama ukomo wa muda wa kufungua kesi, maana mazungumzo yanayoendelea si lazima yausimamishe muda huo.

Siku ya kupokea gari, nenda mchana. Tazama upenyo wa boneti na milango pande zote mbili, na ulinganishe rangi ukiwa juani, kwa mbali na kwa pembe. Kipima unene wa rangi kikipatikana, rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 80 na 180. Paneli iliyopigwa rangi upya husoma zaidi, na ikizidi mikroni 1,000 kuna puti nene chini yake. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, shuku kwamba imezimwa makusudi kuficha hitilafu, na gari lisomwe tena kwa kompyuta hapohapo. Washa kiyoyozi, washa taa ukutani uone kama zinalingana kimo, mwagia maji kwenye kingo za kioo. Liendeshe kwenye barabara iliyonyooka uone kama linavuta upande, na ufunge breki taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Chukua karatasi ya alaimenti, ripoti ya kompyuta, na risiti za spea zenye namba zake uzilinganishe na kibali.

Hati ya kuridhika na matengenezo isainiwe baada ya hayo yote. Kama kuna kilichobaki, kiandike kwenye hati hiyohiyo kwa kalamu pamoja na tarehe ya kukamilishwa, gereji iweke saini yake kando, na nakala uipeleke kwa kampuni siku hiyo.